Siku Diakoni Alipopiga Besi Mbarara

Diakoni si mtu. Ni bafle, yaani spika kubwa ya kanisa letu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Alipewa jina hilo kwa sababu kila Jumapili anasimama mbele, mnene, amevaa kitambaa cheupe, na hakuna anayeweza kumsogeza bila kuita wanaume. Alitengenezwa na seremala mmoja wa kwetu Uvira, Kongo, kwa mbao alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kitanda cha harusi yake. Harusi ilivunjika, mbao zikapata wokovu. Watu husema Diakoni akiamka, ng'ombe wa mbali kule Endiinzi huacha kula na kugeuza pembe upande wetu. Sijawahi kwenda Endiinzi kuhakikisha, lakini naamini, maana safu yangu kwenye korali iko karibu naye, na akipiga noti ya chini meno yangu ya nyuma huwasha.

Niko kwenye korali kwa sababu ninaishi kwa mama mdogo, na mama mdogo ndiye prezida wa korali. Lakini siimbi. Nafungua mdomo na kuufunga pamoja na wengine, kama samaki, na sauti naiacha nyumbani. Darasani vilevile. Niko sinia ya tatu, yaani kidato cha tatu, na mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua natazama dawati mpaka ananionea huruma na kumuuliza mwingine. Nikipewa chakula kilichozidi chumvi, nakimaliza, nashukuru, kisha nakwenda kunywa maji nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo ilikuwa ajabu kwamba mtu kama mimi apende muziki wa makelele. Rafiki wa darasani ndiye aliyenitumia video ya wale wawili: mwanamume mrefu mwembamba na mwanamke mfupi mwenye kofia ya sufu hata juani. Wametoka Ulaya. Hawana gitaa, hawana ngoma, hawana midomo ya kuimbia. Wanasimama nyuma ya meza yenye mashine na nyaya, wanazungusha vifungo kama watu wanaotafuta stesheni ya redio, na besi inatoka. Wote walioandika chini ya video walisema besi hiyo inaingia tumboni. Kwenye simu yangu ilikuwa mbu aliyefungiwa ndani ya kopo. Nilisikiliza kwa sikio moja, la pili likimsikiliza mama mdogo, na nikawa na hamu moja tu: siku moja niisikie nzima, kwa tumbo, mpaka mwisho.

Nilipopata habari kwamba wako safarini Afrika Mashariki na watapita Mbarara, Jumamosi mchana, kwenye bustani ya harusi kule Nyamityobora, nilijua sitakwenda. Hata sikuomba. Nilikaa na hamu yangu kama mtu anayekaa na jino bovu.

Kisha mwandalizi wa tamasha akaja mwenyewe kambini, kwa pikipiki, shati limejaa vumbi jekundu. Alikuwa kijana wa Mbarara, mwenye haraka. Spika alizokodi mjini, alisema, zilikuwa na mdomo lakini hazikuwa na tumbo. Madereva wa bodaboda wa mtaa wa Kakoba ndio waliomwambia kuhusu Diakoni.

"Nyabo," alimwambia mama mdogo, yaani bibi kwa lugha yao, "mimi naomba ile spika moja tu. Hao watu bila besi hawawezi kufanya kazi. Na jenereta yenu mimi nitaleta fundi atengeneze, bure kabisa."

Jenereta yetu ilikuwa imekufa tangu mvua za kwanza. Tulikuwa tunaomba umeme kwa jirani. Wazee wa kanisa wakakaa kikao, na mimi nikamenya muhogo karibu na mlango ili nisikie.

Kwetu chombo cha kanisa hakitoki peke yake. Kinatoka kama binti anayekwenda kutembelea ukweni: kinasindikizwa na mtu mzima, kinavaa, na hakiguswi kabla ya maombi. Hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa juu ya muziki. Mzee mmoja alisema Diakoni hawezi kuimbia dunia Jumamosi na kumwimbia Mungu Jumapili. Mama mdogo akasimama.

"Miye nitaenda naye," alisema. "Nitakaa pembeni yake. Siku bataanza wimbo moja ya dunia, moja tu, ninachomoa waya, tunarudi. Na jua likianza kushuka, tunarudi vilevile, hata kama habajaanza. Jumapili yetu haiwezi kungoja bantu ya Ulaya."

Wazee wakasema amina. Mama mdogo akatoka, akanikuta na muhogo wangu.

"Weye utakuja na miye. Utabeba maua."

Ilikuwa mara ya kwanza Mungu kunijibu ombi ambalo niliona haya kuliomba.

Tulisafiri kwa pikapu ya jirani yetu Mrundi, ambaye kwa kawaida hubeba maharage kwenda Mbarara. Yeye ni Mkatoliki, na tangu nimfahamu kazi yake ya pili ni kumchokoza mama mdogo. Diakoni alilazwa nyuma juu ya magunia, amefungwa kamba. Mama mdogo alikaa nyuma naye, chini ya mwavuli, akakataa kukaa mbele.

"Mama prezida," dereva aliita dirishani, "mgonjwa anaendeleaje?"

"Endesha gari."

"Tumpitishe hospitali?"

"Nyinyi Bakatoliki mungekuwa na bafle kama hii, mungeiwashia mishumaa."

Dereva alicheka mpaka tulipofika lami.

Bustani ya Nyamityobora ilikuwa bado na mapambo ya harusi ya juzi: vitambaa vya waridi na herufi mbili kubwa za watu waliooana. Jukwaani, mahali pa maharusi, palikuwa na meza ya mashine. Wanaume walimsimamisha Diakoni upande wa kushoto. Mama mdogo akamfuta vumbi, akamvika kitambaa chake cheupe chenye pindo lililofumwa kwa mkono, nami nikaweka vase ya maua ya plastiki juu. Spika nyingine, zile nyeusi za mjini, zilionekana kama hazijavaa kitu.

Wale wawili walikuja kumsalimia. Ndiyo, Diakoni. Yule mrefu alichuchumaa akamgonga mbao kwa kidole, akatega sikio, akasema neno moja kwa mwenzake kwa sauti ya mtu aliyeona mlima. Nilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwao. Nilikuwa nimejiandalia sentensi ya Kiingereza kwa siku kadhaa. Nilipanga upya maua.

"Banataka kuwasha," mama mdogo alimwambia mwandalizi. "Habawashi mbele ya maombi."

Mwandalizi alitazama watu waliokuwa wakiingia, wanafunzi wa vyuo wengi, miwani mieusi, na madereva wa bodaboda waliosimama nje ya ua wakiangalia bure. "Nyabo, fupi."

Akampa kipaza sauti. Mama mdogo haombi fupi. Aliombea umeme, barabara, mbao za Diakoni na mikono ya aliyezichonga, wageni na mama zao huko Ulaya. Wanafunzi walivua miwani mmoja mmoja. Aliposema "Amina" watu wote wakaitikia kwa kishindo, na hapo yule mwanamke mfupi akabonyeza kitufe. Ile amina ikarudi yenyewe kutoka kwenye mashine, mara tatu, ikififia.

Mama mdogo alinigeukia, uso umelainika. "Ona. Bako na heshima. Banarudilia."

Akalaza kipaza sauti juu ya Diakoni, kati ya maua, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando yake. Mimi nikasimama nyuma ya kiti. Dereva akaja na chapati yake ya mayai akaegemea nguzo. Kisha muziki ukaanza.

Au haukuanza. Hapo ndipo taabu ilipoingia.

Kanisani kwetu, kabla ya ibada, vijana wa vyombo hufanya balansi, yaani wanapima. Tii, tii. Buu, buu. Krrr. Wanazungusha vifungo, wananyoosheana vidole, na hakuna anayewajali mpaka waimbaji waingie. Wale wawili walianza hivyohivyo: tii, tii, krrr, kisha buu ndefu iliyopanda kutoka miguuni mwangu kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Mbu alitoka kwenye kopo. Alikuwa ng'ombe! Nilishika kiti cha mama mdogo kwa mikono miwili. Mbavu zangu zilikuwa zinafunguliwa na kufungwa na mtu mwingine, na nilitaka kucheka na kulia, na kwa kuwa sikujua nianze na lipi nilisimama wima kama mlinzi.

Mama mdogo alikunja mikono kifuani. "Balansi yao iko ndefu," alisema sikioni mwangu.

Nilielewa palepale kilichokuwa mbele yangu. Kama nikisema hii si balansi, ndio wameanza, basi ni muziki wa dunia, na mkono wake uko karibu na waya. Kama nikinyamaza, atangoja waanze. Na mtu anayengoja hachomoi.

Nikanyamaza. Ni kitu ninachokijua vizuri.

Watu walianza kuruka. Mama mdogo aliwatazama kwa huruma.

"Maskini. Banaruka na balansi tu. Hawa batoto ya Mbarara habana maneno mingi."

"Wana njaa ya muziki," dereva alisema, mdomo umejaa.

"Baimbaji bako wapi?"

"Labda wamekwama Isingiro."

Kitambaa cha Diakoni kilikuwa kinatembea kidogo kidogo kuelekea ukingoni, na vase nayo. Kila baada ya muda mama mdogo alinyanyuka, akavirudisha, akakaa. Wanafunzi wa mbele wakadhani ni sehemu ya onyesho. Kila alipoweka vase sawa walipiga makofi. Mara ya tatu aliwapungia mkono, kwa adabu.

Kisha sauti ya mtu ikaingia kwenye muziki. Ilikatwakatwa, ikapinduliwa, lakini ilikuwa sauti ya mtu. A-a-a-mi. A-a-a-mi.

Mama mdogo alisimama, kiti kikaanguka nyuma. "Ile iko wimbo!"

Alikuwa tayari ameinama kutafuta waya nyuma ya Diakoni. Dereva alisogea, bila haraka, akifuta vidole.

"Mama prezida, sikiliza kwanza. Wanasema nini?"

"Sijui banasema nini! Njo maana nachomoa."

"Ni amina yako. Ile ya maombi. Utachomoa amina?"

Mama mdogo alibaki ameinama, ameshika waya, anasikiliza. A-a-a-mi-mi-na. Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa upande mmoja, kama anavyowasikiliza sauti ya pili wanapojifunza wimbo mpya.

"Njo yangu," alisema hatimaye.

"Ego, ndiyo," dereva alisema. "Huo si wimbo wa dunia."

"Lakini banaivunja-vunja."

"Hata mkate wa Bwana huvunjwa."

Mama mdogo alimtazama kuona kama ni mzaha. Ulikuwa mzaha, lakini ulikuwa na Biblia ndani, na hakupata pa kuushika. Akaokota kiti. Nilimtazama dereva. Alinikonyeza, kisha akaenda kutafuta chapati nyingine, na hapo nikabaki sina wakili.

Kwa sababu kulikuwa na jua. Nililisahau jua. Juu ya paa la jirani palikuwa na tangi la maji, na kivuli chake kilikuwa kimeanza kulala kwenye nyasi za bustani. Mama mdogo alikiona kabla yangu.

"Basi," alisema. "Miye nilingoja vya kutosha. Habakuanza, haiko makosa yetu. Saidia, mutoto, toa maua."

Nilimwangalia. Nikawaangalia wale wawili. Nilijua kutoka kwenye video kinachokuja: muziki ulikuwa unapanda, unapanda, vifungo vinazungushwa polepole, yule mwanamke ameinua mkono mmoja hewani, na mkono ukishuka ndipo besi yote itaanguka. Ndiyo niliyoingoja tangu mbu wa kwanza. Na mama mdogo alikuwa ameinama tena, uso wake karibu na maua, mkono nyuma ya Diakoni.

Kunyamaza kwangu kulikuwa kumeisha kazi. Nikinyamaza anachomoa kwa sababu hawajaanza. Nikisema wameanza anachomoa kwa sababu wameanza. Njia ilikuwa moja, nyembamba, na ilipita mdomoni mwangu.

Niliinama. Makelele yalikuwa makubwa mno, ilibidi nipige kelele. Sijawahi kupiga kelele maishani, kwa hiyo sikujua kipimo chake. Nilivuta pumzi yote.

Na muziki ukakatika. Ndivyo wanavyofanya, wanaukata kabisa kabla ya besi kuanguka, nilijua, nilisahau. Katika kimya hicho, mbele ya bustani nzima, mdomo wangu ukiwa juu ya kipaza sauti kilicholala kati ya maua ya plastiki, nilisema:

"MAMA, BALIANZA ZAMANI! HABAIMBI! HABAIMBI KABISA!"

Ilitoka kwa Diakoni. Ilitoka kwa spika nyeusi za mjini. Nadhani ilifika Kakoba. Watu wote waligeuka. Madereva wa bodaboda waligeuka. Mwandalizi alishika kichwa. Nilitamani Diakoni afunguke animeze, arudi kuwa kitanda, nilale ndani.

Yule mwanamke mfupi alinitazama, mkono bado hewani. Akaniinamia kidogo kwa kichwa. Akabonyeza kitufe.

Ha-ha-ha-habaimbi. Ha-ha-ha-habaimbi.

Besi ikaanguka.

Sitajaribu kuieleza sana. Sikujua tena pua yangu iko upande gani. Mapambo ya harusi yaling'oka, herufi moja ya bwana harusi ikadondoka. Watu waliruka wakiimba "Habaimbi! Habaimbi!" na wengi wao walikuwa Wanyankole wasiojua hilo neno ni la kwetu, yaani hawaimbi. Ilikuwa sauti yangu, ile ninayoiacha nyumbani. Ilikuwa kubwa kuliko nyumba.

Dereva alirudi mbio bila chapati. "Mama prezida! Sasa kuna wimbo! Na mwimbaji ni wako!"

Mama mdogo alikuwa bado ameushika waya. Mashavu yake yalikuwa yanatetemeka kwa besi. Alinitazama mimi, akatazama watu, akatazama kivuli cha tangi. Nilijua kila kitu kiko kwenye vile vidole.

"Wimbo gani?" alimpigia dereva kelele. "Sikia basi! Si yenyewe inasema habaimbi?"

Akaachia waya. Vase ilikuwa imefika ukingoni, akaidaka. Kitambaa kikaruka, akakikumbatia pamoja na Diakoni mwenyewe, mikono miwili, shavu juu ya mbao. Alinipigia kelele neno ambalo sikulisikia. Baadaye aliniambia lilikuwa "Maua!" Kwa hiyo nilishika maua. Tulikaa hivyo, yeye amemkumbatia Diakoni, mimi na maua ya plastiki, mpaka sauti ya mwisho kabisa. Nzima. Kwa tumbo.

Walipomaliza, wale wawili walishuka kumshika mama mdogo mkono. Alimwita mwandalizi atafsiri.

"Baambie, balansi yao iko muzuri sana. Bakipata muimbaji hata moja, batafika mbali."

Sijui mwandalizi alitafsiri nini. Wote wawili waliinama mpaka chini. Yule mwanamke alinigeukia, akagusa koo lake, kisha akanyoosha kidole kwenye koo langu. Sentensi yangu ya Kiingereza ilikuwepo yote. Nilimpa ua moja la plastiki.

Tulifika nyumbani giza halijashika vizuri. Kesho yake kabla ya ibada wazee walimuuliza mama mdogo, na yeye alisimama wima.

"Hakuna wimbo ya dunia iliimbwa. Shahidi iko huyu mutoto. Alisema mbele ya bantu bote."

Kila mtu alikuwa ameshasikia, maana dereva alikuwa ameshapita kila nyumba. Watoto bombani waliniimbia habaimbi mpaka ndoo ikajaa. Nilikwenda kwenye safu yangu nikakuta kiti changu hakipo. Kilikuwa mbele, karibu na kipaza sauti.

"Weye njo unaanzisha leo," mama mdogo alisema. "Kumbe uko na sauti, na kila Jumapili ulikuwa unanifungulia mudomo kama samaki sambaza."

Kwa hiyo alijua. Miaka yote hiyo alijua.

Vijana walimaliza balansi. Kanisa likanyamaza. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mama mdogo alisogea nyuma ya Diakoni, akainama, akashika waya kwa vidole viwili, kama jana alipongoja waanze, akanitazama.

Nikaimba.